Tezi Iliyojaa Chembe za Kinga: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Saratani ya Nyuma ya Pua

Mgonjwa ameridhia kisa chake kiandikwe. Umri wake kamili, kazi yake, mtaa wake na vituo alivyopitia nimeviondoa, na baadhi ya tarehe nimezisogeza. Mimi ni daktari wa patholojia hapa Nairobi. Slaidi za tezi yake zilipita chini ya hadubini yangu kabla ugonjwa wake haujapata jina, kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu kuchelewa yananihusu mimi mwenyewe.

## Alivyoanza kuugua

Ni mwanamume aliyepita miaka thelathini kidogo, hajawahi kuvuta sigara. Kilichoanza ni sikio la kushoto kuziba. Alilieleza hivi: ni kama maji yameingia na hayataki kutoka. Baadaye kila akiamka asubuhi alikuwa akitema makohozi yenye michirizi ya damu. Alidhani ni vumbi la barabarani. Miezi miwili ikapita, ndipo uvimbe ukajitokeza chini ya sikio lile lile, mgumu, usiouma.

Duka la dawa lilimpa antibayotiki. Kliniki ya mtaani ikampa nyingine. Kituo cha tatu kilichoma sindano kwenye uvimbe na kuvuta majimaji, na majibu yakasema: limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) nyingi, pamoja na vikundi vichache vya histiosaiti, chembe za kinga zinazomeza uchafu, vinavyofanana na granuloma, yaani vinundu vya chembe hizo vinavyoonekana sana kwenye TB; inaelekea ni kifua kikuu cha tezi. Kipimo cha GeneXpert hakikuona bakteria wa TB. Picha ya kifua ilikuwa safi na kipimo cha HIV kilikuwa hasi. Akaanzishiwa dawa za TB za miezi sita.

Simlaumu aliyeamua hivyo. TB ya tezi za shingo tunaiona kila mara, na GeneXpert ikiwa hasi kwenye majimaji ya tezi bado haimwondoi mtu kwenye orodha ya TB. Uvimbe pia unaweza kukua katika wiki za mwanzo za matibabu ingawa dawa inafanya kazi, na ndivyo alivyoambiwa aliporudi mwezi wa pili akilalamika. Maelezo yale ni ya kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyeandika kwenye faili ni lini maelezo hayo yangekoma kutosha.

Mwezi wa nne uvimbe ulitokeza upande wa kulia pia, na kichwa kikaanza kumuuma usiku. Hospitali aliyopelekwa ilitoa tezi moja nzima ya upande wa kushoto na kuituma maabara kwetu. Fomu iliyokuja na kichupa ilikuwa na maneno haya tu: "Tezi ya shingo, kushoto. TB? Limfoma?" Sikio halikutajwa wala damu haikutajwa.

## Tulichokiona kwenye slaidi

Kwa rangi ya kawaida, tezi ilijaa limfosaiti ndogo ndogo, na chembe nyingine za kinga: seli za plazma na eosinofili kadhaa. Katikati yao, moja moja, walitawanyika wageni: seli kubwa zenye kiini cheupe kama kiputo na nukta nene katikati, mipaka yake haionekani vizuri. Palikuwa na granuloma mbili tatu zisizo na kuoza katikati. Rangi ya Ziehl-Neelsen, inayotumika kutafuta bakteria wa TB, haikuonyesha bakteria.

Kijana, tezi za shingo, seli kubwa chache ndani ya bahari ya limfosaiti na eosinofili: picha hiyo inamvuta mwanapatholojia yeyote kuelekea limfoma ya Hodgkin, saratani ya limfosaiti zenyewe. Ilinivuta na mimi. Niliandika kwamba Hodgkin ndiyo inayoshukiwa na kwamba rangi za kingamwili, ambazo kila moja hushika protini ya aina fulani ya seli, zinahitajika.

Hapo ndipo pesa inapoingia. Kila kingamwili kinalipiwa peke yake, na familia ilikuwa tayari imechangisha kwa kundi la WhatsApp ili kulipia upasuaji. Tuliwapa orodha fupi: CD30 na CD15 za kutafuta seli za Hodgkin, CD20 ya limfosaiti B na CD3 ya limfosaiti T. Orodha hiyo inafaa kabisa ukishajua unatafuta limfoma. Sisi tulikuwa bado hatujajua. CD15 ilikuwa hasi. CD30 ilishika seli chache kwa uhafifu. CD20 na CD3 zilionyesha tu kwamba limfosaiti zilizozunguka zilikuwa mchanganyiko wa B na T, kama inavyotarajiwa. Wiki tatu, pesa zimetumika, na jibu ni "haijathibitika". Saitokeratini, kingamwili kinachotambua seli za epithelia, yaani za utando unaofunika viungo, na ambacho tunacho rafuni siku zote, hatukuiweka kwenye orodha.

## Swali lililogeuza kisa

Kesi ililetwa kwenye kikao cha wataalamu wa saratani kama Hodgkin iliyokataa kuthibitika. Mtaalamu wa damu alitaka tezi nyingine itolewe. Daktari wa masikio, pua na koo aliyekuwepo kwa ajili ya mgonjwa mwingine kabisa aliuliza kama kuna mtu aliyemwangalia nyuma ya pua. Hakuna aliyejibu. Mgonjwa alikuwa amekaa nje kwenye benchi na kaka yake mkubwa. Aliitwa, akaulizwa habari za masikio.

"Daktari, hili sikio nimelisema tangu mwanzo," alisema. "Kila mahali nimelisema. Kila mtu anataka kushika shingo."

Siku hiyo hiyo kamera nyembamba ilipitishwa puani. Kwenye kishimo cha Rosenmüller, nyuma ya mdomo wa mrija unaounganisha pua na sikio la kushoto, palikuwa na kinundu cha rangi ya waridi kinachovuja damu kikiguswa. Kilikuwa kimeuziba ule mrija, ndiyo maana sikio lilikuwa likijaa. Kinyama kilichukuliwa hapo. Nilirudi pia kwenye kitalu cha nta cha ile tezi ya kwanza nikakata vipande vipya.

Saitokeratini AE1/AE3 iliwaka. Seli zile kubwa, zilizoonekana kama wageni waliotawanyika, zilikuwa zimeshikana mikono kwa nyuzi nyembamba kupita katikati ya limfosaiti, kwenye tezi na kwenye kinyama cha pua vilevile. Kipimo cha EBER, kinachotafuta RNA ya virusi vya Epstein-Barr ndani ya kiini cha seli, kilikuwa chanya kwenye viini vya seli hizo karibu zote. p16, alama ya saratani zinazoletwa na virusi vya HPV, ilikuwa hasi. Jina likapatikana: saratani ya nasofarinksi, yaani ya eneo la nyuma ya pua, isiyotengeneza keratini (protini ngumu ya ngozi), aina isiyopambanuka, iliyofika tezi za pande zote mbili.

## Maamuzi ya matibabu na sababu zake

MRI ilionyesha uvimbe umegusa mfupa wa sakafu ya fuvu, bila kufika kwenye neva za kichwa. Tezi zilikuwa pande zote mbili, juu ya usawa wa gegedu la krikoidi (pete iliyo chini ya zoloto), kila moja chini ya sentimita sita. CT ya kifua na tumbo ilikuwa safi. Kwa mpangilio wa toleo la nane la AJCC, kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, hiyo ni T3 N2 M0 (uvimbe, tezi, na kutosambaa mbali), hatua ya tatu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha dawa za TB. Tulijadiliana na kliniki ya TB kwa urefu, kwa sababu kuacha tiba ya TB katikati si jambo la kuchezea. Ushahidi wote ulikuwa upande mmoja: GeneXpert hasi, Ziehl-Neelsen hasi, granuloma zisizo na kuoza. Granuloma za namna hii huweza kutokea kwenye tezi inayopokea seli za saratani, kama mwitikio wa mwili, bila bakteria yeyote. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, pamoja na sisplatini, dawa ya kemo tuliyokusudia kumpa, pia zingemwongezea hatari ya ganzi ya miguu na mikono.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutompeleka chumba cha upasuaji tena. Saratani hii inasikia sana mionzi, na mahali ilipo kisu hakifiki kwa urahisi. Tangu jaribio la Marekani lililochapishwa 1998 likiongozwa na Muhyi Al-Sarraf, ambapo 78% ya waliopewa mionzi pamoja na kemo walikuwa hai baada ya miaka mitatu dhidi ya 47% ya waliopewa mionzi peke yake, hakuna ubishi kwamba viwili hivyo huenda pamoja. Kilichobaki ni mpangilio. Tuliamua kuanza na mizunguko mitatu ya kemo ya jemsitabini na sisplatini, kisha mionzi ya grei 70 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi) kwa vipindi 33 pamoja na sisplatini. Jaribio la China la 2019 lenye wagonjwa 480 lilionyesha kwamba kuanza hivyo kulipandisha idadi ya wasiorudiwa na ugonjwa kwa miaka mitatu kutoka 76.5% hadi 85.3%. Nitasema wazi kwamba ilitufaa kwa sababu nyingine pia: foleni ya mashine ya mionzi ilikuwa ndefu, na kemo ilimaanisha kwamba hangekaa bila tiba akisubiri zamu.

Uamuzi wa tatu uliletwa na kaka yake. Alikuwa amesoma sana usiku, na alikuja na swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na madaktari wenzangu. Alikuwa amesikia nikisema tezi imejaa chembe za kinga. Akasoma kwamba saratani za kichwa na shingo zenye chembe nyingi za kinga huitikia dawa za kufungulia kinga, kama pembrolizumab. "Sasa daktari, kama askari tayari wako ndani, kwa nini msiwafungue tu? Tutauza kiwanja." Nitalijibu swali hilo kwenye uchambuzi. Pale pale tulimwambia asiuze kiwanja.

Kabla ya mionzi alipelekwa kwa daktari wa meno, meno mawili mabovu yakang'olewa, na kidonda kikaachwa kipone.

## Matokeo

Kemo aliivumilia. Mionzi ilimtesa kama inavyotesa wengi: mdomo ukawa na vidonda, uzito ukashuka, wiki mbili za mwisho alikuwa akinywa uji mwepesi na maziwa tu. Hakukosa siku hata moja. Wiki kumi na mbili baada ya kipindi cha mwisho, kamera na MRI havikuona kitu. Ninapoandika haya, mwaka mmoja na nusu umepita na bado hakuna kinachoonekana. Mate yake ni machache, anatembea na chupa ya maji, na usikivu wa sikio la kushoto haukurudi wote. Kipimo cha DNA ya virusi vya Epstein-Barr kwenye plazma, ambacho kingetusaidia kumfuatilia, hakikuwa ndani ya uwezo wake.

Kutoka kliniki ya kwanza hadi jina la ugonjwa ilipita miezi minane.

## Uchambuzi: umati uliomficha mwenye msiba

Ukienda kwenye matanga ya mtu maarufu, uwanja umejaa, viti vimekodishwa, na unaweza kuzunguka saa nzima usimwone mfiwa. Slaidi ile ilikuwa hivyo. Sisi wanapatholojia tumefunzwa kuhesabu umati: limfosaiti nyingi, basi ni uambukizo au ni limfoma. Lakini katika saratani ya nasofarinksi isiyopambanuka umati huo ni sehemu ya saratani yenyewe. Vitabu vya zamani viliiita limfoepithelioma, na kuna picha mbili zinazojulikana tangu karne iliyopita: seli za saratani zikikaa kwa vikundi vyenye mpaka, ni picha ya Regaud, rahisi kuitambua. Zikitawanyika moja moja kati ya limfosaiti, ni picha ya Schmincke, na hiyo ndiyo inayodanganya watu waifikirie limfoma. Tezi ya mgonjwa wetu ilikuwa Schmincke kamili.

Mtego mwingine uko kwenye EBER. Mtu anaweza kudhani kwamba kipimo hicho kikiwa chanya kimemaliza kesi. Hakijamaliza. Seli za limfoma ya Hodgkin nazo mara nyingi hubeba virusi vya Epstein-Barr, hasa katika nchi zetu. Lau tungefanya EBER peke yake na kuiacha saitokeratini, tungeweza kuandika Hodgkin kwa kujiamini zaidi, na mgonjwa angepewa kemo ya ugonjwa asio nao. Kinachotenganisha viwili hivi ni kujua seli kubwa ni za ukoo gani, na saitokeratini ndiyo inayouliza ukoo.

p16 tuliifanya kwa sababu kuna jirani wa tatu. Saratani ya tonsili na shina la ulimi inayoletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 16, nayo huanza kwa tezi za shingo, nayo haitengenezi keratini, nayo hujaa limfosaiti. Ingekuwa chanya kwa wingi, yaani angalau 70% ya seli kwa rangi kali, tungerudi kutafuta kooni. Hawa ni ndugu wanaofanana sura, lakini matibabu, mpangilio wa hatua na matarajio ya kila mmoja ni tofauti.

Na hapa ndipo ninapomjibu kaka yake. Jaribio alilolisoma, KEYNOTE-048 la 2019, lilikuwa na watu 882 wenye saratani za mdomo, koo na zoloto zilizorudi au kusambaa zisizoweza kuponywa kwa njia nyingine. Wagonjwa wa nasofarinksi hawakuwemo. Hata ule mradi mkubwa wa jeni wa Marekani, ambao 2015 ulichapisha uchunguzi wa saratani 279 za kichwa na shingo na kuthibitisha makundi manne, haukuwa na ya nasofarinksi hata moja. Mtu akisema "saratani ya kichwa na shingo yenye chembe nyingi za kinga", amesema jambo pana mno kuweza kumtibu mtu mmoja.

Halafu kuna suala la askari. Kuwepo kwao si kupigana. Virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli hizi huficha sehemu kubwa ya protini zake na kubakisha chache, zikiwemo EBNA1, LMP1 na LMP2. LMP1 huisukuma seli ionyeshe PD-L1, kidole kinachobonyeza swichi ya PD-1 kwenye limfosaiti T na kuizima. Seli nyingi za saratani hupunguza pia HLA ya daraja la kwanza, dirisha ambalo limfosaiti hupitia kuona kilichomo ndani. Miongoni mwa umati kuna limfosaiti T za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Kwa hiyo tezi inaweza kujaa limfosaiti zilizochoka, na hadubini yangu kwa rangi ya kawaida haiwezi kuniambia ipi imechoka na ipi bado ina nguvu.

Je, dawa za kufungulia swichi hiyo zina nafasi? Zinayo, na inazidi kupanuka. Kwa saratani ya nasofarinksi iliyorudi au kusambaa, toripalimab, dawa mojawapo ya kundi hilo, ikichanganywa na jemsitabini na sisplatini iliidhinishwa Marekani Oktoba 2023. Mwaka 2024 jaribio la China lilionyesha kwamba kuongeza sintilimab, dawa nyingine ya kundi hilo, kwenye tiba ya wenye ugonjwa ambao haujasambaa nako kuna faida. Ila kote huko dawa hizo ziliongezwa juu ya kemo, na katika jaribio la pili juu ya kemo na mionzi. Hazikuchukua nafasi yake. Mgonjwa wetu alikuwa na ugonjwa unaoweza kupona kwa mionzi na kemo zinazopatikana Nairobi. Kiwanja kingeuzwa kununua kile kisicholazimika, na nauli ya kufika kwenye mionzi siku thelathini na tatu ingekosekana.

Jambo moja huniuma kila nikilifikiria. Jiji hili lina historia na ugonjwa huu. Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, aliandika juu ya saratani ya nasofarinksi nchini Kenya miaka ya sitini. Jina lake limo kwenye makala ya 1970 ya Harald zur Hausen na wenzake iliyoonyesha DNA ya virusi vya Epstein-Barr ndani ya saratani hii na ndani ya limfoma ya Burkitt. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni ugonjwa wa mbali wa Wachina ambao hatukutarajia kuukuta. Tulikuwa na kila sababu ya kuukumbuka.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kikao cha pamoja kilifaa kuliko kipimo chochote, na kilifaa kwa bahati: yule daktari hakuja kwa ajili yetu. Kitalu cha nta kilihifadhiwa vizuri, ndiyo maana sikuhitaji kumkata mgonjwa upya shingoni. Kusimamisha dawa za TB kwa majadiliano, badala ya kwa amri ya mtu mmoja, kulimfanya mgonjwa aamini kwamba safari hii tunajua tunachofanya.

Kutoa tezi nzima kabla ya kuangalia nyuma ya pua lilikuwa kosa la mpangilio. Kamera ya puani huchukua dakika chache, haiachi kovu shingoni, na ingefaa itangulie kisu. Kwa upande wangu, kosa ni orodha ya kingamwili. Nilipanga rangi kwa kufuata dhana niliyokwisha kuipenda. Siku hizi, tezi yoyote ya shingo ya mtu mzima yenye seli kubwa nisizozijua, saitokeratini huwa ya kwanza, hata kama pesa iliyopo inatosha kingamwili kimoja tu.

Niliiomba pia ile slaidi ya sindano ya kwanza kutoka maabara iliyoisoma. Walinitumia bila ubishi, nawashukuru. Ukingoni, nje ya eneo ambalo mtu huangalia kwanza, kulikuwa na kikundi cha seli saba au nane zenye kiini cheupe na nukta nene. Sidai kwamba ningeziona mimi siku ile, nikiwa na fomu isemayo "TB?" mkononi.

Fomu yetu sasa ina mistari mitatu zaidi chini ya "tezi ya shingo": sikio kuziba, damu puani au kwenye makohozi ya asubuhi, kuona vitu viwili viwili. Nusu ya wanaotutumia vipimo huiacha wazi. Msaidizi wetu wa mapokezi ana ruhusa ya kuwapigia simu kabla kichupa hakijaingia maabara, na huwapigia.